Mkataba wa Kazi Haubadilishwi na Mtu Mmoja



Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua kwamba karatasi ni nyingi. Kuna kadi ya kliniki, barua ya shule ya mtoto, risiti ya mbegu na stakabadhi ya ushuru. Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi moja tu. Ni karatasi ya kazi, yaani mkataba.

Hapa Qurus sisi ni wakulima. Tunalima mahindi, maharage, ngano na mbaazi. Lakini shamba peke yake halitoshi kila mwaka, hasa mvua ikichelewa. Kwa hiyo watu wetu hutafuta kazi za mshahara. Wengine hufanya kazi katika hoteli za Karatu na Rhotia, ambako hulala wageni wanaokwenda kuona wanyama Ngorongoro. Wengine huchuma kahawa Oldeani. Wengine hushuka Mang'ola kwenye vitunguu. Ndugu zetu wa Bashay na Gongali hufanya vivyo hivyo.

Mtu huanza kazi kwa mapatano fulani. Baada ya miezi, au baada ya miaka, mwajiri anasema, "Kuanzia leo mambo yamebadilika." Mshahara unapungua. Au saa za kazi zinaongezeka. Au mlinzi wa usiku anaambiwa asubuhi abaki kufua mashuka. Je, mwajiri anaweza kuamua hivyo peke yake?

Hawezi. Fikiria siku ya mnada Karatu. Umemuuzia mtu ng'ombe. Mmekubaliana shilingi 700,000, nusu leo, nusu mwezi ujao. Ng'ombe amekwenda zizini kwake. Mwezi ujao anakuja na shilingi 150,000 anasema, "Bei nimeibadilisha." Utamwelewa? Utamwambia bei tuliipanga wawili, na kama kuna shida tukae wawili tuizungumze. Kazi nayo ni hivyo. Wewe umetoa nguvu zako, mwenzako ameahidi ujira. Mapatano ya watu wawili hubadilishwa na watu wawili.

Zamani haikuwa hivyo. Marehemu baba yangu alifanya kazi katika shamba la kahawa la Mzungu huko Oldeani, miaka ya 1950. Alikuwa na kipande. Vijana wa leo hawakijui. Kilikuwa kadi yenye vyumba 30, chumba kimoja kwa siku moja ya kazi. Ukimaliza ngwe yako, siku yako inaandikwa. Usipoimaliza, chumba kinabaki kitupu, hata kama umeshinda juani mpaka jioni. Vyumba 30 vikijaa ndipo unalipwa. Baba alisema kwamba ngwe ya palizi ilikuwa mistari miwili ya kahawa. Asubuhi moja nyapara akasema kuanzia leo ni mistari mitatu. Ikawa mitatu. Ujira ulibaki ule ule. Wa kumwuliza hakuwepo.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, ilitungwa sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo, na zikawekwa kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Sheria hiyo ilitumika miaka mingi. Mwaka 2004 Bunge lilitunga nyingine mahali pake. Inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Shika jina hilo, maana ukiwa nalo mdomoni mwajiri anajua kwamba hukuja kubahatisha.

SHERIA INASEMA NINI

Katika sheria hiyo, kama ilivyotungwa mwaka 2004, soma kifungu cha 15. Kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi unapoanza kazi. Maelezo hayo ni jina lako, umri, anwani na jinsia, mahali ulipoajiriwa, kazi utakayofanya, siku unayoanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara, unavyokokotolewa na vitu vingine unavyopewa, kama chakula au nyumba.

Kisha kifungu hicho kinaendelea. Jambo lolote katika hayo likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi, na amjulishe mfanyakazi mabadiliko hayo kwa barua. Hapo yapo mambo matatu: kushauriana, kuandika, na kujulisha. Tangazo lililobandikwa ukutani usiku si kushauriana. Neno la msimamizi aliyepita na pikipiki si maandishi.

Kuna jambo jingine katika kifungu hicho ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mfanyakazi asipoyaelewa maandishi, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa kwa njia anayoielewa. Zamani tulipokuwa hatujui kusoma, tulivutwa kidole gumba kikapakwa wino kikagandamizwa kwenye karatasi. Yaliyoandikwa juu ya alama ya kidole tuliyajua siku ya malipo. Leo mfanyakazi wa Qurus anaweza kusema, "Bwana, karatasi hii ni ya Kiingereza, naomba nielezwe kwa Kiswahili." Si ukaidi huo. Ni sheria.

Pengine utasema, "Mimi sina karatasi yoyote, niliajiriwa kwa mdomo tu." Usikate tamaa. Mgogoro ukifika kwenye sheria, na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Wewe ukisema mlipatana shilingi 200,000, na yeye akisema 150,000, ataulizwa yeye: karatasi iko wapi?

Na wewe unayeitwa kibarua, usidhani uko nje ya mambo haya. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, Sheria ya Taasisi za Kazi, inasema kwamba mtu aliyemfanyia kazi mwenzake kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka mwajiri athibitishe kwamba sivyo. Saa 45 kwa mwezi si nyingi. Wachumaji wengi wa kahawa huzipita katika wiki moja ya msimu. Ila anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hadai yale maelezo ya maandishi ya kifungu cha 15.

Tuelewane vizuri hapa. Si kila agizo ni mabadiliko ya mkataba. Mtunza bustani akiambiwa leo amwagilie upande wa mashariki badala ya magharibi, hiyo ni kazi yake. Mpishi akiambiwa apike ndizi badala ya wali, apike. Mkataba unaguswa pale jambo kubwa linapogeuzwa: mshahara, saa, kazi yenyewe, mahali pa kazi, au muda wa ajira. Wapo wenzetu wanaosema "haki yangu, haki yangu" kwa kila kitu, na hao huwaharibia wengine wenye madai ya kweli.

MWAKA WA KORONA

Mwaka 2020 nilikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ndogo karibu na Karatu. Jina lake silitaji. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Nilifanya kazi siku 6 kwa wiki.

Tarehe 16 Machi mwaka huo Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, naye alikuwa Arusha. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Zilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakuja. Wewe mwenyewe unakumbuka barabara ya Ngorongoro ilivyokuwa kimya. Mwaka 2019 Tanzania ilipata watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867 tu. Kwa hiyo mwajiri aliposema hana fedha, hakusema uongo. Vyumba vilikuwa vitupu. Hata mimi nilihesabu maua kuliko wageni.

Meneja alituita chini ya mti wa jakaranda, sisi wafanyakazi 17. Alikuwa na karatasi mkononi. Akasema, "Ndugu zangu, hali mnaiona. Kila mmoja atie sahihi hapa." Nikaiomba niisome kwa sauti, wote wasikie. Ilisema hivi: kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata, mshahara wa kila mfanyakazi utakuwa nusu. Basi. Haikusema kazi itapungua. Haikusema mpaka lini.

Mpishi wetu, mzee wa watu, akavua kofia akauliza, "Bwana Meneja, nusu ya mshahara nimeisikia. Nusu ya kazi iko wapi?"

Watu wakacheka, lakini meneja hakucheka. Alikuwa mtu mwenye akili, akaona swali lina uzito. Nami nikauliza, "Na wageni wakirudi, bwana, karatasi hii itasema nini?" Akajibu kwamba wageni wakirudi mshahara utarudi. Nikamwomba neno hilo liandikwe, kwa sababu meneja anaweza kuhamishwa lakini karatasi inabaki.

Hatukutia sahihi siku ile. Tulichagua watu watatu, mmoja wao dada wa mapokezi aliyejua mahesabu, wakakaa na meneja siku mbili. Karatasi ya pili ilikuwa na mambo haya: kila mmoja atafanya kazi siku 3 kwa wiki badala ya 6, mshahara utakuwa nusu, chakula cha mchana kitaendelea, mpango huu utakwisha tarehe 31 Desemba 2020, baada ya hapo pande mbili zitakaa tena. Kila mmoja akapata nakala yake. Ndipo tukatia sahihi.

Unaona tofauti, ndugu msomaji? Tulikubali kupunguziwa. Hakuna aliyetulazimisha, na hatukumlazimisha mwajiri alipe fedha asizokuwa nazo. Siku tatu nilizobaki nyumbani zilikuta msimu wa palizi, na mwaka ule maharage yangu yalipaliliwa vizuri kuliko mwaka mwingine wowote. Mwezi Januari tulikaa tena kama karatasi ilivyotaka. Wageni walikuwa bado wachache, tukaongeza miezi sita, tena kwa maandishi. Mwezi Julai 2021 mshahara ulirudi shilingi 300,000 na siku zikarudi 6.

Jirani yetu mmoja alikuwa hoteli nyingine. Huko nako walipewa karatasi ya nusu mshahara, nayo haikuwa na siku ya mwisho. Watalii walianza kurudi. Mwaka 2021 walifika 922,692, na mwaka 2022 walifika 1,454,920, karibu sawa na kabla ya korona. Yeye mwaka 2022 alikuwa bado anapokea nusu na kufanya kazi siku sita. Akiuliza, anaonyeshwa sahihi yake. Hakuna maneno mengi ya kumsaidia mtu ambaye sahihi yake iko chini ya karatasi isiyo na mwisho.

Ukiletewa karatasi ya mabadiliko, angalia ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kama haina ya kwisha, omba iwekwe. Kama mshahara unapungua, uliza saa au siku zinapungua kiasi gani. Omba siku moja au mbili uende nayo nyumbani uisome na mtu unayemwamini.

Hata mkikubaliana, kuna mstari ambao mapatano hayaruhusiwi kushuka chini yake. Kima cha chini cha mshahara huwekwa na Serikali kwa kila sekta. Amri ya mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ilitangaza viwango vipya vya sekta binafsi, vya kuanza tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo usitumie kile cha zamani ukidai leo. Saa nazo zina mpaka. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na siku za kazi hazizidi 6 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, nazo hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Mwajiri akikuongezea saa mbili kila siku bila malipo, amekupunguzia mshahara kwa mlango wa nyuma.

UKISEMA SIKUBALI

Wengi wetu hunyamaza kwa hofu. Mtu anapunguziwa mshahara, ananung'unika njiani mpaka nyumbani, kesho anaamkia kazini kama kawaida. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kunyamaza huko ni hatari. Mwajiri atasema, "Alikubali, ndiyo maana aliendelea kupokea." Lakini wengine hufanya kosa la upande wa pili. Huchukua kofia, hutukana na kuondoka. Siku hiyo hiyo mwajiri anaandika kwamba wameacha kazi wenyewe.

Nikupe mfano wa dada mmoja wa kijijini kwetu. Alikuwa mpishi hotelini tangu mwaka 2019, mshahara shilingi 280,000. Mwezi Juni 2023 aliambiwa ahamie kwenye kufua nguo, na mshahara uwe shilingi 200,000. Alikuja kwangu jioni analia. Nikamwambia, "Dada, machozi yafute, chukua kalamu." Tuliandika pamoja barua fupi. Nainakili hapa, ukihitaji uibadilishe iwe yako:

"Kwa Meneja. Tarehe 3 Juni 2023. Mimi ni mpishi hapa tangu mwaka 2019. Tarehe 1 Juni niliambiwa nihamie kufua nguo, na mshahara wangu upungue kutoka shilingi 280,000 hadi shilingi 200,000. Sikushauriwa wala sikupewa barua. Nitafanya kazi niliyopangiwa kwa sasa, lakini sikubali mshahara wangu kupunguzwa. Naomba tukae tuzungumze. Ahsante."

Aliandika nakala mbili. Moja alimpa meneja. Ya pili alimwomba karani aandike "nimepokea", tarehe, na sahihi. Hiyo akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali ambapo panya hawafiki na watoto hawagusi.

Meneja hakujibu. Mwisho wa mwezi alipokea 200,000. Wiki ya pili ya Julai akapanda basi kwenda Arusha, ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hii ndiyo Tume iliyowekwa na sheria kusikiliza migogoro ya kazi. Si polisi wala si mahakama ya kutisha. Unajaza fomu namba 1 ya Tume, unaeleza mgogoro, mwajiri anapewa nakala yake, na wewe unaonyesha ushahidi kwamba ameipata. Kwanza mnakalishwa mbele ya msuluhishi, naye ana siku 30 za kuwapatanisha. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa uamuzi.

Kwa dada yetu halikufika kwa mwamuzi. Msuluhishi aliisoma ile barua ya tarehe 3 Juni, akamwuliza mwajiri barua yake ya kumjulisha iko wapi. Hakuwa nayo. Mwajiri hakuwa mtu mbaya, nadhani. Hakujua tu. Walipatana kwamba dada atabaki kwenye kufua, kwa sababu jikoni kweli kulikuwa na watu wengi, lakini mshahara utabaki shilingi 280,000, na atalipwa shilingi 80,000 zilizokatwa mwezi Juni. Makubaliano yakaandikwa na kutiwa sahihi.

Kumbuka hesabu ya siku, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mgogoro wa kufukuzwa kazi upelekwe kwenye Tume katika siku 30. Migogoro mingine, kama huu wa mshahara kupunguzwa, katika siku 60. Dada alipunguziwa tarehe 1 Juni, kwa hiyo siku zake 60 zilikuwa zinakwisha mwisho wa Julai. Angesubiri mavuno yaishe, angechelewa. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa atoe sababu ya maana, na kusema "nilikuwa navuna" si sababu ambayo ningependa kwenda nayo Arusha.

Je, mwajiri anaweza kukuambia, "Kama hukubali, kazi hakuna"? Anaweza kulisema, lakini sheria inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kama biashara imeanguka kweli na lazima apunguze watu, lazima awape taarifa mapema, aeleze sababu, na azungumze na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi yako ni siku 28. Kama unalipwa kwa siku au kwa wiki, ni siku 4. Katika mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7.

Ukiwa umemaliza mwaka au zaidi, kuna kiinua mgongo. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Tuchukue mtu wa mshahara wa shilingi 260,000, siku 6 kwa wiki. Siku yake moja ni shilingi 10,000. Amefanya kazi miaka 6. Siku 7 mara 6 ni siku 42. Kiinua mgongo chake ni shilingi 420,000. Juu ya hapo kuna mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuichukua, na hati ya utumishi. Na kama aliajiriwa mbali, kuna nauli ya kumrudisha alikotoka.

Lakini sikiliza sana hapa. Kama mwajiri anapunguza watu, na amekupa kazi nyingine inayofaa, nawe ukaikataa bila sababu ya maana, unaweza kukikosa kiinua mgongo hicho. Ndiyo maana barua ya dada haikusema "siendi kufua". Ilisema nitafanya, ila mshahara usiguswe. Hasira ingemgharimu.

Na mwajiri akiifanya kazi isivumilike, labda kwa kukunyima mshahara miezi mfululizo ili uchoke uondoke, sheria inaweza kuhesabu kwamba yeye ndiye aliyekuachisha, hata kama barua ya kuacha kazi uliiandika wewe. Lakini hilo utatakiwa ulithibitishe. Lalamika kwanza kwa maandishi kabla hujaondoka.

Mambo haya hayapo kwetu tu. Jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, nayo inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi na amwandikie anapobadilisha masharti. Uingereza, nchi yenye vyama vya wafanyakazi vya siku nyingi, tarehe 17 Machi 2022 kampuni ya meli ya P&O Ferries iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja. Nafasi zao zikapewa watu wa wakala wa ujira mdogo zaidi. Mkuu wa kampuni alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge alikiri kwamba sheria iliwataka wazungumze kwanza na vyama vya wafanyakazi, nao waliamua kutofanya hivyo. Mabaharia wale walikuwa na mikataba mizuri na walijua kusoma tangu utoto. Kwa hiyo ndugu yangu, usione haya kwamba limekupata wewe wa Qurus.

Usiende peke yako kama unaweza kwenda na wenzako. Wafanyakazi wa mashambani wana chama kinachoitwa TPAWU. Wa hotelini na majumbani wana CHODAWU. Mwanachama anaweza kusimamiwa na chama chake mbele ya Tume. Yuko pia Afisa Kazi wa Serikali, ambaye kazi yake ni kukagua mahali pa kazi na kuona kwamba sheria inafuatwa. Na kabla hujatoka nje ya geti, tazama ukuta. Sheria inamtaka mwajiri abandike maelezo ya haki za wafanyakazi mahali wanapoyaona. Hotelini kwetu yalikuwa yamebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, mlango ambao ulikuwa wazi mchana kutwa, kwa hiyo miaka mitatu hakuna aliyeyaona. Tulipoufunga siku moja kwa ajili ya vumbi, tukayakuta.

Siku ya kwenda Arusha, beba mkataba au kitambulisho cha kazi, karatasi za malipo ya mshahara, nakala ya barua yako yenye sahihi ya aliyepokea, na jina la mwajiri kamili pamoja na anwani yake. Kama ulikuwa unalipwa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Andika pia katika daftari tarehe uliyoambiwa mabadiliko, nani alikuambia, na nani alikuwepo akisikia. Panda basi la asubuhi, maana ofisini kuna foleni.